Kutoka kudaka hadi kufundisha: njia ya mdakaji wa beisiboli Mwanza

Timu inayolinda ina watu tisa. Wanane wanamtazama mpigaji. Wa tisa, mdakaji, amechuchumaa nyuma ya mpigaji na anawaona wote wanane. Anaona nani amesogea mno kushoto, na anaona bega la mrushaji likianza kushuka kwa uchovu. Ndiyo maana wadakaji wengi huishia kuwa makocha. Bruce Bochy, kwa miaka mingi mdakaji wa akiba tu, alitwaa World Series, fainali ya ubingwa wa ligi kuu ya Marekani, mara nne akiwa kocha: 2010, 2012 na 2014 na San Francisco Giants, halafu 2023 na Texas Rangers. Kama unadaka sasa na unataka siku moja uongoze timu ya chuo, iwe Malimbe au Butimba, mambo ya kushika ni haya.

Magoti na vidole

Kuna namna mbili za kuchuchumaa. Ya kutoa ishara za vidole, kumwambia mrushaji arushe mpira gani: visigino vimekaribiana, mkono wa ishara umefichwa katikati ya mapaja, glavu inaning'inia mbele ya goti la kushoto ili kocha wa wapinzani, anayesimama karibu na besi ya tatu (besi ni vituo vinne anavyopitia mkimbiaji), asione vidole. Jua la saa kumi likimpiga mrushaji machoni, paka kucha rangi nyeupe. Ya kudaka: miguu imepanuka kuzidi mabega kidogo, vidole vya miguu vimetazama nje, uzito uko mbele ya nyayo.

Mkono wa kurushia ufiche nyuma ya kifundo cha mguu besi zikiwa tupu. Akiwepo mkimbiaji kwenye besi, uweke nyuma ya glavu, umeufumba bila kukaza, kidole gumba kikiwa ndani. Mpira uliokwaruzwa na gongo la mpigaji hubadili njia ghafla, na kidole kilichonyooka ndicho kinachovunjika.

Mpira unaodunda usiudake, uue. Piga magoti yote mawili chini, glavu izibe nafasi kati ya miguu, kidevu kigande kifuani, mabega yapinde mbele. Mpira ukigonga kinga ya kifua uangukie hatua moja mbele yako. Makipa wa soka wana mwili mzuri wa kazi hii, ila wamezoea kupangua, na ukipangua, mkimbiaji wa besi ya kwanza anafika ya pili bila jasho. Kosa jingine ni kugeuza uso: kinyago kinalinda kwa mbele tu, ukigeuka unaacha sikio na koo wazi. Dawa yake ni mipira 20 kila siku, mikono mgongoni, mwenzako akidundisha kutoka mita 6. Wiki mbili za kwanza tumia mipira ya tenisi.

Viwanja vyetu vingi vina changarawe. Kabla ya zoezi okota vijiwe mita 3 mbele ya besi ya nyumbani, kisha mwagia maji. Kijiwe kimoja kinatosha kuupeleka mpira kooni.

Wavu wa nyuma

Kwenye wavu wa kuzuia mipira inayokupita, watu hupoteza pesa bure. Wavu wa sangara wa inchi 6 haufai: jicho hupimwa likiwa limevutwa, kwa hiyo kila upande ni kama sm 7.6, na mpira wa beisiboli una kipenyo cha sm 7.3 hivi. Unapita. Tafuta wavu wa dagaa uliotumika, ulizia mwaloni Kirumba, ukunje mara mbili. Uvute kwanza kwa mikono. Ukichanika kirahisi, jua limeshaula. Uning'inize ukiwa umelegea, mita moja mbele ya ukuta. Ukiukaza, mpira unaurudia uwanja na nyuzi zinakatika kwenye mafundo.

Sekunde mbili

Toka besi ya nyumbani hadi ya pili ni mita 38.8. Mkimbiaji mwepesi anayeiba besi, yaani anayekimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe, hutumia kama sekunde 3.4. Mrushaji, toka anapoanza kusogea hadi mpira unapoingia kwenye glavu, huchukua kama 1.3. Zinabaki 2.1 za kwako, na ndani yake yumo mwenzako anayepaswa kumgusa mkimbiaji. Lenga 2.0.

Pima kwa simu: rekodi video, anza kuhesabu glavu inapolia, acha mpira unapofika mkononi mwa mpokeaji. Rusha mara kumi, toa mbili mbovu, tafuta wastani. Kama ni 2.3, usikimbilie kunyanyua vyuma. Mara nyingi muda unapotea kwenye miguu na kuhamisha mpira. Leta glavu sikioni, si mkono kwenye glavu. Vidole vikate mishono ya mpira kwa upana ili mpira uende umenyooka. Mrusho wa chini unaodunda mara moja karibu na besi bado unamtoa mtu. Uliopita juu ya kichwa unampa besi ya tatu.

Mpira uliopanda juu nyuma yako huzunguka na kurudi uwanjani, kwa hiyo ukipe kisogo kituta anaposimama mrushaji ili ukujie kifuani. Kinyago kibaki mkononi mpaka uuone mpira, ndipo ukitupe upande mwingine. Alasiri upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu: kabla ya mchezo rusha mipira mitano juu, uone unaupeleka wapi.

Kaunta buku

Anza kuandika ukiwa bado unadaka. Kila mpigaji na mstari wake: anasimama karibu au mbali na besi, anapiga mpira wa kwanza au anasubiri, alipiga upande gani na kwa mpira wa aina gani. Andika kipindi kinapoisha, si nyumbani usiku. Baada ya michezo kumi una kitu ambacho kocha yeyote atakiomba.

Kwa masomo, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kiko Kwimba, mkoani hapa hapa. Ualimu wa michezo nao ni njia nzuri, maana chuo kinaajiri mwalimu kabla ya kuajiri kocha.

Ukipewa timu, watafute wachezaji wa mpira wa mikono. Mkono wa kurusha wanao tayari. Mabinti waliokulia kwenye rede wanafaa sana kwa softiboli, mchezo ndugu wa beisiboli. Vyuoni Marekani mara nyingi kocha ndiye huchagua mrusho, si mdakaji. Kwenye mechi za mazoezi mwachie mdakaji wako achague mwenyewe, kisha muulize kwa nini. Bila hivyo hatajifunza kufikiri.

Jambo la kusimamia bila huruma ni hesabu ya mirusho. Kwa vijana wa miaka 17 na 18, mwongozo wa Marekani unaweka kikomo cha 105 kwa siku. Mirusho 31 hadi 45, pumzika siku 1. 46 hadi 60, siku 2. 61 hadi 80, siku 3. Kuanzia 81, siku 4. Mpe mtu mmoja kalamu na kazi hiyo tu. Na mrushaji akitoka asivae kinyago akadake siku hiyo: mdakaji naye hurusha kila mpira kuurudisha, na kiwiko hakijui tofauti.