Kujinoa kwa IELTS ukiwa Kisumu, Kakamega au Nakuru: kusoma na kuandika

Kabla ya kulipia IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, andikia chuo unachokitaka uulize kama wanakubali alama ya Kiingereza ya KCSE. Baadhi ya vyuo vya Uingereza huikubali, na ada ya mtihani si pesa ya kuchezea. Wakisisitiza IELTS, uliza ni Academic (ya masomo ya chuo) au General Training (ya kazi na uhamiaji), na kila sehemu inahitaji kiwango gani kati ya 0 na 9. Chuo kinaweza kutaka 6.5 kwa jumla na bado kikakukataa kwa kuwa na 5.5 katika kuandika pekee. Maelezo haya ni ya Academic. Anayelenga TOEFL, mtihani mwingine wa Kiingereza, ajue kwamba muundo wake ulibadilishwa Julai 2023 na tena Januari 2026, kwa hiyo kitabu cha kabla ya hapo, hata kiwe cha bei ya kutupa, kitamfundisha mtihani ambao haupo tena.

Aliyemaliza kidato cha nne huku kwetu huwa na Kiingereza cha kutosha cha kuanzia. Kinachomponza ni mazoea. Karatasi ya tatu ya KCSE ilimzoesha insha ya kubuni, yenye misemo na mapambo. Karatasi ya pili ilimpa kifungu cha ufahamu ambacho angeweza kukirudia mara mbili tatu bila wasiwasi. IELTS haina nafasi ya anasa hizo. Sehemu kubwa ya mazoezi basi ni kuyavunja mazoea hayo, wala si kumeza orodha za maneno magumu.

Kusoma

Una dakika 60, vifungu vitatu na maswali 40. Vifungu vyote kwa pamoja vina maneno kati ya 2,150 na 2,750, na kila kimoja huwa kigumu kuliko kilichotangulia. Hakuna dakika za ziada za kuhamisha majibu. Anayesubiri mwisho ndipo ajaze karatasi ya majibu hukutwa na kengele. Gawa muda hivi: dakika 17 kwa kifungu cha kwanza, 20 kwa cha pili, 23 kwa cha tatu. Muda wa kifungu ukiisha, kisia yaliyobaki usonge mbele. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama, hivyo kuacha nafasi wazi ni kutupa bahati bure.

Kila jibu sahihi ni alama moja. Kwa makadirio yanayotolewa na wenye mtihani wenyewe, 23 kati ya 40 huwa kama kiwango cha 6, 30 kama cha 7, na 35 kama cha 8. Kutoka 6 hadi 7 basi ni maswali saba tu. Tafuta saba zako zinapotelea wapi.

Usianze kwa kusoma kifungu chote neno kwa neno. Soma kichwa, sentensi ya kwanza ya kila aya na aya ya mwisho: dakika mbili, basi. Kisha soma maswali. Yale ya kukamilisha sentensi na ya True, False, Not Given hufuata mpangilio wa kifungu, kwa hiyo jibu la swali la nne liko chini ya jibu la tatu. Yale ya kutafuta habari fulani iko aya ipi hayafuati mpangilio wowote. Yaache mwisho, kwa sababu kufikia hapo utakuwa umeshakizoea kifungu.

True, False, Not Given ndiyo yanayowatesa wengi, na sababu yake ni kujua mengi. Chukua kifungu hiki kifupi:

"The railway from Mombasa reached the lake in 1901, at a place then called Port Florence. Kisumu, as the town is now known, grew around the terminus and the pier."

Sasa sentensi tatu. "The line arrived at the lake at the beginning of the twentieth century": True, maana 1901 ni mwanzo wa karne hiyo, wametumia maneno mengine tu. "The town has kept the name it had in 1901": False, kwa kuwa kifungu kinaonyesha jina lilibadilika. "The railway was built mainly to carry cotton": hapa mwanafunzi mzuri wa historia atakimbilia False, kwa sababu anajua habari za Uganda na hila za Waingereza. Jibu ni Not Given. Kifungu hakisemi neno kuhusu sababu ya kujenga reli, na mtihani haujali ulichofundishwa kidato cha pili. Kipimo chake ni rahisi: ukitaka kuandika False, weka kidole kwenye maneno yanayoipinga sentensi. Kidole kikikosa pa kutua, ni Not Given. Maswali ya Yes, No, Not Given hufanya kazi vivyo hivyo, ila huuliza maoni ya mwandishi badala ya mambo yaliyotokea.

Katika maswali ya kujaza nafasi, maagizo ndiyo sheria. "NO MORE THAN TWO WORDS" maana yake ukiandika matatu umekosa, hata kama jibu lenyewe limo ndani yake. Neno lenye kistari katikati huhesabiwa kuwa moja. Nakili neno lilivyo kwenye kifungu, pamoja na "s" ya wingi. Kosa la tahajia ni kosa la jibu. Tahajia ya Uingereza na ya Marekani zote hukubaliwa.

Kuhusu kusahihisha kuna kitu watu hawapendi kusikia: karatasi moja iliyochambuliwa ina faida kuliko tano zilizofanywa mbiombio. Ukimaliza karatasi, usihesabu tu alama ukaifunga. Chora safu nne kwenye daftari: nambari ya swali, aina ya swali, maneno ya kifungu yaliyobeba jibu, na sababu ya kukosa. Sababu ziwe za kweli. "Sikuwa makini" haisaidii mtu. Andika "sikujua 'scarce' ni adimu", "nilipitwa na neno 'only'", "muda uliisha", "nilitumia ninachokijua mimi". Baada ya karatasi nne hivi utaona sababu moja au mbili zikijirudia, na hizo ndizo kazi yako ya wiki ijayo. Kama ni muda, mazoezi yako yawe ya saa. Kama ni "only", "most" na "some", pigia mstari kila neno la aina hiyo kabla ya kutafuta jibu.

Karatasi za mfano za bure ziko kwenye tovuti rasmi za IELTS. Zichapishe pale saiba kama mtihani wako ni wa karatasi; kama ni wa kompyuta, fanya kwenye kompyuta, hata kama ni ya kulipia kwa saa. Kuzoea kwenye simu si kuzoea, kwa sababu kwenye kompyuta kifungu hukaa upande mmoja na maswali upande wa pili, na kazi nzima ni kuhamisha macho kati ya hizo mbili. Kwa usomaji wa kila siku, habari za siasa gazetini ni fupi mno na zinatuhusu mno. Soma makala ya watafiti kwenye tovuti ya The Conversation, ambayo ni ya bure na hayamalizi bando, au ingia maktaba ya umma ya Kisumu, Nakuru au Kakamega. Kwa kila aya uliyosoma, andika pembeni maneno matano au sita yanayosema aya inahusu nini. Hayo ndiyo mazoezi ya maswali ya kulinganisha aya na vichwa, na hakuna mengine yanayoyashinda.

Kuandika

Dakika 60 tena, kazi mbili. Ya kwanza ni maneno yasiyopungua 150 kueleza grafu, jedwali, ramani au mchoro. Jipe dakika 20. Ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, dakika 40, na uzito wake ni mara mbili ya ya kwanza. Unaruhusiwa kuanza na yoyote. Ambaye hukwama kwenye takwimu na aanze na insha.

Kwa kazi ya kwanza, kosa kuu ni kusoma jedwali kwa sauti, yaani kuandika kila nambari kuanzia juu hadi chini. Tumia takwimu za sensa kujizoeza. Mwaka 2009 kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu 1,660,651, Nakuru 1,603,325 na Kisumu 968,909. Mwaka 2019 zilikuwa 1,867,579, 2,162,202 na 1,155,574. Jiulize: ningemweleza mtu asiyeliona jedwali hili kwa sentensi moja, ningesemaje? "Overall, the population of all three counties rose, but Nakuru grew fastest and overtook Kakamega as the largest." Hiyo ndiyo sentensi ya muhtasari. Ikikosekana, alama ya kutimiza kazi inashuka hata kama nambari zako zote ni sahihi. Ikishakaa, ndipo uingize tarakimu chache zinazoithibitisha: Nakuru imeongezeka kwa karibu asilimia 35, Kisumu 19, Kakamega 12. Usieleze kwa nini. Hata kama unajua kuhusu mashamba ya maua ya Naivasha, hayamo kwenye jedwali.

Insha hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: umejibu swali kiasi gani, mawazo yamefuatana vipi, msamiati, na sarufi. Mtu wa KCSE huweka nguvu zake zote kwenye msamiati. Hapo ndipo "since time immemorial", "every coin has two sides" na "in a nutshell" zinapoingia, na msahihishaji anayatambua maneno ya kukariri mara tu anapoyaona. Yatoe. Sentensi nyepesi iliyojibu swali ina thamani kuliko hayo.

Tuchukue swali: "Some people think that motorcycles should be banned from city centres. To what extent do you agree or disagree?" Mtu wa Kisumu au Nakuru ana mengi ya kusema kuhusu bodaboda, na hapo pana mtego. Ataandika kuhusu ajali, vijana wasio na kazi, helmeti na polisi. Swali halikuuliza hayo. Limeuliza kuhusu kupiga marufuku, na katikati ya jiji. Tumia dakika sita kupanga. Msimamo: sikubaliani, bora kuwatengea vituo na njia. Sababu ya kwanza: mgonjwa na mfanyabiashara mdogo hutegemea usafiri unaofika pasipofika matatu. Sababu ya pili: msongamano unasababishwa na kusimama ovyo, kwa hiyo vituo vilivyopangwa vinautatua bila marufuku. Upande wa pili: kelele na hatari kwa watembea kwa miguu ni kweli, kwa hiyo mitaa michache ya soko inaweza kufungwa. Kila sababu ipate mfano mmoja mahususi. Na ukitaja bodaboda, mweleze msomaji asiyezijua: "motorcycle taxis, known locally as boda bodas".

Urefu: utangulizi maneno 40, aya mbili za kati 90 hadi 100 kila moja, hitimisho 35. Jumla inafika kama 270, na inatosha. Anayeandika 400 huongeza makosa tu. Kwenye karatasi usihesabu neno kwa neno siku ya mtihani. Nyumbani hesabu maneno ya mistari kumi ya mwandiko wako, upate wastani. Ukiwa na maneno kumi kwa mstari, 250 ni mistari 25, na hapo jicho linatosha. Kompyuta hukuhesabia.

Dakika tano za mwisho ni za kusaka makosa yetu wenyewe, yale yanayotoka kwenye Kiswahili, Kijaluo au Kiluhya na kupita bila kuonekana. Soma mara tatu, kila mara kwa kosa moja. Kwanza, "a" na "the", kwa sababu lugha zetu hazina vitu hivyo. Pili, nomino zisizo na wingi: "informations", "equipments", "furnitures", "advices" zote ni makosa. Tatu, kiima kilichorudiwa, "the people they are", na "he" iliyochukua nafasi ya "she" kwa kuwa "yeye" ni mmoja. Ongeza pia "discuss about": "discuss" haihitaji "about".

Nani akusahihishie? Mwalimu wa Kiingereza wa shule jirani anafaa, ila ukimpa insha akusahihishe tu, atairudisha imejaa wino mwekundu wa sarufi na bila neno kuhusu kama umejibu swali. Mwandikie vigezo vinne juu ya karatasi, umwombe kimoja tu kwa kila insha. Programu za kompyuta zinazosahihisha zina hatari yake: hukupa insha safi ambayo si yako. Ukizitumia, jisahihishe kwanza, kisha ulinganishe. Vyovyote iwavyo, siku mbili baadaye andika insha ileile upya bila kutazama ya kwanza. Watu huikwepa hatua hii kwa kuwa inachosha, lakini makosa hutoka kidoleni hapo, si wakati wa kusoma maoni ya mwalimu.

Kwa wiki, karatasi moja nzima ya kusoma kwa saa, siku mbili za kuichambua, insha mbili na kazi moja ya jedwali zinatosha mtu mwenye kazi. Wiki sita hadi nane za mwendo huo. Wiki ya mwisho fanya kusoma na kuandika mfululizo, saa mbili bila kunyanyuka, maana uchovu wa saa ya pili huharibu insha nzuri.

Matokeo hukubaliwa kwa miaka miwili. Kama kuandika kumekwama nusu kiwango chini ya ulichohitaji huku sehemu nyingine ziko juu, unaweza kuomba isahihishwe upya ndani ya wiki sita, na alama ikibadilika ada ya maombi hurudishwa. Kwa mtihani wa kompyuta, vituo vinavyotoa huduma hiyo huruhusu kurudia sehemu moja tu ndani ya siku 60. Ulizia kwanza kama chuo chako kinapokea matokeo ya namna hiyo.