Kabla ya Kubadili Nyumba ya Kuishi Kuwa ya Biashara Karibu na Katikati ya Mji

Wanunuzi wengi wa nyumba zinazopakana na eneo la biashara hulipa bei ya duka wakati kiwanja bado ni cha makazi. Muuzaji husema kibali kitatoka tu, na mnunuzi huamini kwa kuwa nyumba ya tatu tayari ina ofisi. Ofisi ile huenda ina ruhusa ya muda, au haina kabisa. Nenda idara ya mipangomiji ukiwa na namba ya kiwanja, uulize maswali mawili: kiwanja kimepangiwa matumizi gani leo, na mpango kabambe, yaani mpango mkuu wa ukuaji wa mji, unataka eneo hilo liwe nini baadaye? Ombi linalofuata mpango huo lina matumaini. Linalotaka kuchomoa kiwanja kimoja katikati ya makazi hupata upinzani mkali, na hata likikubaliwa laweza kufikishwa mahakamani. Uliza pia kama shughuli yako inahitaji mabadiliko kamili, maana kliniki ndogo au ofisi ya watu wachache pengine hupita kwa ruhusa maalumu.

Hati isomwe mstari kwa mstari, na wakili awepo. Jiji la Houston, Marekani, halina sheria ya kugawa maeneo kwa matumizi, lakini mitaa yake mingi hulindwa na masharti yaliyoandikwa kwenye hati za viwanja, na anayeyavunja hushtakiwa. Kwingineko pia idara yaweza kukukubalia huku hati ikikukatalia. Kama kuna rehani, aliyekopesha aulizwe mapema.

Kisha kipimwe kiwanja chenyewe. Maegesho ndiyo huua miradi mingi ya namna hii: kiwanja kilichotosha familia moja na gari lake sasa kinadaiwa nafasi za wateja, wafanyakazi na gari la mizigo, na bado jengo linatakiwa kukaa mbali na mpaka wa jirani. Mwache msanifu achore maegesho kwanza, ndipo muone kilichobaki kwa ajili ya jengo. Bomba la majitaka la nyumba huenda lisihimili mgahawa, na umeme wa nyumbani hautoshi mashine kubwa. Mvua nayo isisahaulike, kwa sababu ukisakafia ua mzima, maji yatatafuta njia kwa jirani.

Majirani wapate habari kwako kabla hawajaisoma kwenye tangazo la ombi lako. Wabishie hodi na mchoro mkononi, useme saa za kufungua na kufunga, taa zitaelekea wapi, taka zitakaa wapi. Wasiwasi wao una uzito wa kisheria. Mwaka 1926, katika kesi ya kijiji cha Euclid na kampuni ya Ambler, Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba mamlaka inaweza kutenga makazi na biashara, na kelele na msongamano wa magari vilikuwa miongoni mwa sababu zilizozingatiwa. Anayekuja kwenye kikao cha kusikiliza ombi kupinga lori la alfajiri anastahili jibu, na jibu zuri ni sharti uliloliandika mwenyewe ndani ya ombi. Kama kuna wapangaji ndani ya nyumba, nao wajue mapema. Ni makazi yao yanayozungumzwa.

Hesabu za pesa ziingize kodi ya ardhi, ambayo kwa kawaida hupanda, bima mpya, na gharama ya kulifanya jengo lipokee umma: milango ya dharura, njia ya kiti cha magurudumu, vizimamoto. Kibali cha ujenzi ni ombi jingine lenye ada yake.

Kwa ambaye hajanunua, kinga kubwa iko kwenye mkataba wa mauziano. Uandikwe kwamba ununuzi utakamilika mabadiliko yakishaidhinishwa na muda wa rufaa ukishapita, na kwamba yakikataliwa malipo ya awali yarudishwe yote. Itajwe pia nani analipa ada za maombi, na tarehe ambayo kila upande unaruhusiwa kujitoa.