Kutoa video kwenye DVD na mafaili ya zamani ziplei kwenye simu bila kuharibu picha

Kabla hujadaunlodi programu yoyote ngoja nikuulize, hiyo video umeshaiweka kwenye simu ikagoma kweli? Maana wengi wanakimbilia kukonvati (kuibadilisha video iwe ya aina nyingine) wakati faili lenyewe halina tatizo lolote, tatizo ni ile apu ya video iliyokuja na simu, inajua aina chache tu. Weka VLC kwenye simu, ni ya bure, ipo ya Android na ya iPhone, na inasoma karibu kila takataka utakayoirushia, AVI, MKV, FLV, MPG, mpaka zile VOB za kwenye DVD. Ikiplei picha na sauti vizuri na simu haichemki basi umemaliza, endelea na mambo yako.

Kukonvati kunapunguza ubora, kila mara, hata kama jicho halioni. Kwahiyo unakonvati pale unapokuwa na sababu: video ipo kwenye diski na simu haina pa kuingiza diski, au faili ni kubwa linakula nafasi yote, au unamtumia mtu ambaye hatahangaika kuweka VLC, au inaplei kwa kukwamakwama. Nje ya hapo ni kujitesa tu.

Kitu cha pili ambacho ukikielewa kitakuokolea masaa mengi ni kwamba zile herufi za mwisho za jina, MP4, MKV, AVI, hizo ni kopo tu. Cha muhimu ni kilichomo ndani, yaani kodeki, ile namna picha na sauti zilivyofinyangwa. Ndo maana unakuta MP4 mbili, moja inaplei nyingine inatoa skrini nyeusi. Na ndo maana pia kubadilisha jina kutoka .mkv kwenda .mp4 kwa mkono hakusaidii chochote, umebadilisha lebo ya kopo. Kuona kilichomo fungua video kwenye VLC ya kompyuta ya Windows au Linux, bonyeza Ctrl na J, itakuletea majina ya kodeki ya picha na ya sauti. Simu karibu zote za miaka hii zina sehemu kwenye chipu yake iliyotengenezwa maalum kwa ajili ya kufungua H.264, kodeki iliyotoka 2003, ndo maana inaplei laini bila kumaliza chaji. H.265 ya 2013 nayo simu nyingi zinaiweza na faili linatoka dogo zaidi, ila simu za zamani za bei ya chini zinahangaika nayo. AV1 ni mpya zaidi na simu nyingi bado hazina chipu yake. Ukiwa hujui video itaishia kwenye simu ya nani weka H.264 kwa picha na AAC kwa sauti, kwenye kopo la MP4, utalala usingizi.

Sasa twende kwenye DVD. Ukifungua diski kwenye kompyuta utaona folda inaitwa VIDEO_TS, ndani kuna mafaili ya IFO, BUP na VOB. Filamu yenyewe ipo kwenye VOB, na kila moja haivuki GB 1, kwahiyo harusi ya masaa mawili utaikuta imekatwa vipande, VTS_01_1, VTS_01_2 na kuendelea, ile yenye sifuri mwishoni ni menyu. Usikonvati kipande kimoja kimoja, utapata video zinazokatika katikati ya sentensi. Unaipa programu folda nzima, yenyewe inasoma zile IFO na kujua kipi kinafuata kipi.

Kompyuta nyingi mpya hazina draivu ya diski, itabidi upate ile ya nje ya kuchomeka USB. Na kabla ya yote kopi folda yote ya VIDEO_TS kwenye kompyuta kwanza, usikonvati moja kwa moja kutoka kwenye diski, ni polepole na draivu inakoroma muda wote, na ukikosea setingi unarudia kusoma diski upya. Diski ya kawaida ya safu moja inabeba GB 4.7, ya safu mbili GB 8.5, andaa nafasi. Ikigoma kusoma sehemu fulani itoe, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, sio kwa kuzungusha, kwasababu data imeandikwa kwa kuzunguka na mkwaruzo unaofuata njia hiyo hiyo unakula sehemu ndefu kuliko unaoikata. Wakati mwingine diski inagoma kwenye draivu hii na kukubali kwenye nyingine, kwahiyo usiitupe haraka. Zile za kuchomwa nyumbani au studio zina rangi ya kemikali ndani inayochakaa na joto na mwanga, sasa kama una za familia zimekaa kabatini miaka kumi na tano nakushauri uanze na hizo wiki hii.

Diski za filamu za kununua ni habari nyingine, nyingi zimefungwa kwa ulinzi wa kunakili na programu ya HandBrake nitakayoielezea haifungui kufuli hilo. Sheria zinatofautiana, kuna nchi zinaruhusu nakala ya matumizi binafsi na kuna kama Marekani ambako sheria ya 1998 inakataza kuvunja ulinzi huo, hivyo angalia ya kwenu. Haya ninayoandika ni kwa vitu vyako, harusi, mahafali, mafundisho uliyorekodi.

HandBrake ni ya bure na ipo ya Windows, Mac na Linux. Ifungue, ipe ile folda ya VIDEO_TS, itaskani na kukupa orodha kwenye sehemu iliyoandikwa Title. Kama diski ina vipande vingi angalia muda, kile kirefu kuliko vyote ndo video yenyewe mara nyingi. Kisha upande wa Preset, yaani setingi zilizopangwa tayari, chagua kulingana na diski. DVD za PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya na nchi nyingi za Afrika, zina picha ya 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde, za NTSC, mfumo wa Marekani na Japani, ni 720 kwa 480 na fremu karibu 30. Kwahiyo PAL unachagua Fast 576p25, NTSC unachagua Fast 480p30. Na hapa ndipo watu wanapochemka, wanaona kuna 1080p wanaichagua wakidhani picha itakuwa kali. Haiwi. Picha ya 576 ukiivuta mpaka 1080 ni ile ile imetanuliwa, faili limenenepa na hamna kilichoongezeka. Kwenye skrini ya simu 576 inapendeza tu.

Ukiona sura za watu zimebanwa au zimevutwa, usiguse namba za upana kwa mkono. DVD inahifadhi picha pana na picha nyembamba zote kwenye 720 ile ile, halafu inaiambia mashine inayoiplei iitanue wakati wa kuonyesha, picha pana ya PAL (16:9) kwa mfano inatanuliwa mpaka kama 1024 kwa 576. Acha sehemu ya Anamorphic kwenye Automatic na yenyewe itafanya hesabu.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho kinaharibu video za DVD kuliko vyote na hakizungumzwi sana. Chukua video ya harusi, simamisha pale bibi harusi anapopunga mkono. Kama mkono una mistari mistari ya kulala kama meno ya kitana basi hiyo video ni ya mistari iliyopishana, kamera za zamani zilikuwa zinarekodi nusu ya mistari ya picha, halafu nusu nyingine sekunde kidogo sana baadae, na mkono umeshasogea hapo katikati. Kwenye televisheni zile za kioo kizito ilikuwa haionekani kwasababu zilichora kwa mtindo huo huo. Simu inaonyesha mistari yote kwa pamoja, basi kila kinachotembea kinatoka na meno. Dawa yake ipo kwenye Filters, washa Decomb au Deinterlace. Decomb ni mjanja zaidi kidogo, inagusa fremu zenye meno tu na kuacha zingine kama zilivyo. Lazima ufanye wakati wa kukonvati, kwasababu ukishapunguza ukubwa au kufinya tena yale meno yanachanganyika na picha na hakuna filta itakayoyatoa. Mi naona hii ndo setingi moja inayotofautisha kazi iliyofanywa na mtu anayejua na kazi ya kubonyeza tu.

Ubora unaupangia kwenye Video, kuna kitelezi cha RF. Namba ikiwa ndogo ubora unapanda na faili linakuwa kubwa. Kwa video za DVD 18 mpaka 22 ni nzuri, weka 20 usahau. Usihangaike kupanga ukubwa wa faili kwa MB, wacha programu iamue yenyewe, sehemu yenye watu wanacheza itakula data zaidi na sehemu ya hotuba itakula kidogo.

Sauti: DVD nyingi zina AC3, badilisha iwe AAC, kbps 160 inatosha kabisa kwa spika ya simu na kwa hedifoni za kawaida. Kama diski ina lugha mbili angalia umechukua ile unayoitaka. Maandishi ya tafsiri ya chini kwenye DVD sio maandishi kweli, ni vipicha, kwahiyo kwenye MP4 njia ya uhakika ni kuyachoma kwenye picha moja kwa moja, weka tiki kwenye Burn In. Ukishayachoma hayatoki tena, fikiria kabla. Ukitaka uweze kuyazima, tumia MKV na uangalie kwa VLC.

Halafu usibonyeze Start Encode kwa video yote ya masaa mawili, jaribu kipande. Kuna kitufe cha Preview kinachotengeneza sekunde chache tu, chagua sehemu yenye watu wanatembea, itazame. Meno yameisha? Sura ziko sawa? Sauti inaendana na mdomo? Sasa washa yote na uende zako, kompyuta ya kawaida itachukua muda na feni itapiga kelele.

Kwa mafaili ambayo tayari yako kwenye kompyuta, zile MKV na AVI, kuna njia fupi inaitwa FFmpeg. Haina vitufe, unaandika amri kwenye lile dirisha jeusi na inatisha mara ya kwanza, ila ni kitu cha ajabu. Kesi inayotokea sana ni MKV ambayo kwenye simu picha inaplei ila kimya. Ukiangalia kodeki unakuta picha ni H.264, yaani haina shida, ila sauti ni AC3 au DTS ambazo apu nyingi za simu hazina. Sasa kwanini uikonvati picha yote kwa lisaa lizima? Bakisha picha ilivyo, badilisha sauti peke yake:

ffmpeg -i filamu.mkv -c:v copy -c:a aac -b:a 160k filamu.mp4

Hiyo inaisha chap, na picha haijapoteza kitu hata kidogo maana haijaguswa. Kama vyote viwili vimeshakuwa sawa na unataka kubadilisha kopo tu basi

ffmpeg -i filamu.mkv -c copy filamu.mp4

Na kama ni AVI ya zamani yenye kodeki ambazo simu haizitaki, hapo ndo unakonvati kweli:

ffmpeg -i video.avi -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 160k -movflags +faststart video.mp4

Ile crf ni sawa na RF ya HandBrake. Hiyo yuv420p usiiondoe, bila yake kuna video zinatoka na aina ya rangi ambayo kompyuta inaiweza na simu inakataa. Ya mwisho, faststart, inahamisha taarifa za faili kuja mwanzoni ili video ikiwekwa mtandaoni ianze kuplei kabla haijashuka yote.

Zile tovuti za kukonvati bure kwenye intaneti sizipendi, unapandisha GB nzima, unasubiri, unashusha tena, na video ya familia yako imebaki kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Apu za kukonvati ndani ya simu zipo na zinafanya kazi kwa vipande vifupi, ila masaa mawili ya video simu itakuwa ya moto kama imetoka kwenye oveni.

Kuhamisha kwenda kwenye simu ya Android chomeka waya, vuta taarifa za juu chini uchague kuhamisha mafaili, sio kuchaji, halafu dondosha kwenye folda ya Movies. Ukitumia memori kadi au flashi iliyofomatiwa FAT32 faili likifika GB 4 litakataliwa hata kama nafasi ipo tele, fomati iwe exFAT, ila toa vilivyomo kwanza maana kufomati kunafuta kila kitu. Kwa iPhone rahisi ni VLC, washa kushirikisha kwa Wi-Fi ndani ya apu, itakupa anwani, iandike kwenye brauza ya kompyuta iliyopo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo kisha buruta faili.

Ukituma kwa WhatsApp usiitume kama video, itafinywa tena na kazi yote uliyofanya ya RF itapotea, itume kama dokumenti, inakubali mpaka GB 2. Na ile folda ya VIDEO_TS usiifute mpaka uwe umeangalia video kwenye simu yenyewe, mwanzo, katikati na dakika za mwisho, kwasababu diski iliyokwaruzika hupenda kukatikia huko mwishoni na programu isikwambie chochote.