Flipa za Eight Ball zimelegea? Anza na swichi, koili iache kwanza

Eight Ball ni mashine ya pinboli (mchezo wa kurusha mpira wa chuma kwenye ubao wenye kioo) ya kampuni ya Bally ya Marekani, kazi ya mbunifu George Christian. Ilitoka mwaka 1977 na zikatengenezwa zaidi ya 20,000, idadi ambayo haikupitwa hadi The Addams Family ya mwaka 1992. Ni pool iliyohamishiwa kwenye pinboli: huna fimbo, una vitufe viwili ubavuni mwa kabati, na zamu yako ikirudi mashine inakumbuka umeshaingiza mipira ipi.

Kilio cha wenye mashine hizi ni kilekile: unabonyeza kitufe, flipa, yaani kikono kinachopiga mpira, inanyanyuka kivivu, mpira unaishia njiani. Wengi hukimbilia kuagiza koili mpya, ule msokoto wa waya unaoivuta flipa kwa sumaku ya umeme. Pesa hiyo iache mfukoni kwanza.

Hatua ya 1: Zima, chomoa, fungua

Chomoa waya ukutani, usiridhike na kuzima tu. Koili zinatumia volti 43, lakini bodi za namba za alama zina karibu volti 190 za DC, na hizo hazina mzaha. Fungua mlango wa sarafu, vuta wenzo wa ndani, ondoa ubapa wa mbele, kisha telezesha kioo nje. Kiweke juu ya zulia au kadibodi. Kioo cha aina hii kikigonga sakafu kwa kona kinasambaratika chote. Toa mpira, halafu inua ubao wa kuchezea na uuegemeze vizuri.

Hatua ya 2: Sukuma flipa kwa mkono

Inatakiwa iende laini na irudi yenyewe kwa springi. Ikikwama, tatizo ni la chuma, si la umeme. Chomoa pistoni, fimbo ya chuma inayovutwa na koili, uangalie ncha yake: baada ya miaka ya kugonga kizuizi, chuma hutanuka kama kichwa cha msumari uliopigwa sana na kuanza kusugua mrija wa plastiki ulio ndani ya koili. Badilisha pistoni na mrija kwa pamoja. Kagua pia kiungo kinachoshika pistoni, tundu lake likishalika flipa inacheza-cheza. Na tafadhali, usipake mafuta. Mrija huo unafanya kazi ukiwa mkavu. Mafuta yanakusanya vumbi, na mwezi ujao utarudi palepale.

Hatua ya 3: Swichi ya mwisho wa mwendo

Hapa ndipo kwenye ugonjwa wenyewe, kwa hiyo usiharakishe.

Koili ya flipa ina nyaya mbili ndani yake. Waya mnene wenye mizunguko michache ndio unaotoa pigo. Waya mwembamba wenye mizunguko maelfu kazi yake ni kuishikilia flipa juu bila kuunguza koili. Flipa ikiwa chini, swichi ndogo iliyo kando yake huwa imefunga, yaani pointi zake (vichwa vya chuma vinavyopitisha umeme) zinagusana, na umeme unaukwepa ule waya mwembamba. Flipa ikikaribia kufika juu, inasukuma ubapa wa swichi, pointi zinaachana, na umeme unalazimika kupita nyaya zote mbili.

Sasa pointi zikichafuka, umeme unapita kwenye waya mwembamba tangu mwanzo. Flipa inapata nguvu ya kushikilia tu, ya kupiga haina. Kinyume chake ni kibaya zaidi: pointi zisipoachana kabisa, anayeshikilia kitufe kwa muda anaikaanga koili.

Chukua tupa ndogo ya pointi, ipitishe katikati huku ukizibana kidogo kwa kidole, hadi chuma king'ae. Pulizia vumbi. Kisha inua flipa kwa mkono mpaka mwisho: pointi ziachane kama milimita 3. Zikifungika, lazima zibanane kwa nguvu, si kugusana tu. Kukunja ubapa, kunja karibu na shina lake, kidogo kidogo.

Hatua ya 4: Swichi ya kitufe

Kwenye Bally za wakati huo umeme wa flipa unapita moja kwa moja kwenye swichi ya kitufe, kwa hiyo nayo hutoa cheche na kuungua. Isafishe kwa tupa vilevile.

Lakini ishia hapo! Swichi nyingine zote chini ya ubao zina pointi zilizopakwa dhahabu nyembamba. Ukizipiga tupa umeziua. Hizo zipitishie kipande cha kadi safi, basi. Nimefungua mashine nyingi ambazo kabla yangu alipita fundi mwenye bidii na tupa.

Hatua ya 5: Jaribu

Anzisha mchezo, maana flipa hazipati umeme mchezo usipoanza. Mashine ya volti 120 usiichomeke kwenye volti 230 bila transfoma ya kushusha.

Flipa bado dhaifu? Unganisha miguu miwili ya swichi ya mwisho wa mwendo kwa waya wenye vibanio, bonyeza kitufe mara moja na kuachia papo hapo. Nguvu ikirudi, hujamaliza kazi kwenye pointi. Isiporudi, kagua fyuzi iliyo chini ya ubao na kishikio chake, halafu plagi za bodi ya umeme: pini zilizobadilika rangi kuwa kahawia zimepata joto na zinahitaji kubadilishwa. Koili ipime mwisho kabisa.