Kutoka mazuku hadi tanki la ndege: anza na hesabu ya umeme

Asubuhi moja kule Bulengo, kando ya Goma, mbuzi wa jirani yangu alikutwa amelala kwenye kishimo kama aliyesinzia. Hana jeraha wala povu mdomoni. Mtu wa Goma haulizi mara mbili: ni mazuku. Hewa ukaa hupenya kwenye nyufa za lava, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tunayovuta, usiku usio na upepo hujaa mashimoni kama maji. Ndiyo maana nilipoanza kuwafundisha vijana wa ufundi namna ya kupata mafuta ya ndege bila kisima cha petroli, kwa kuunganisha kaboni ya hewa ukaa na haidrojeni ya maji, swali la kwanza lilikuwa: "Mwalimu, si tuchote mazuku?"

Inawezekana, ila usianzie hapo. Nilijaza ndege mafuta miaka 11 kabla ya kushika chaki, na ushauri wangu ni kwamba kabla ya kutafuta kaboni, hesabu umeme.

Chukua pipa la lita 200. Kerozeni, yaani mafuta ya ndege, iliyomo ina uzito wa kilo 160 hivi. Kutengeneza kilo moja ya kerozeni hula zaidi kidogo ya kilo 3 za hewa ukaa, kwa hiyo pipa lako linataka nusu tani. Linataka pia kilo 70 hivi za haidrojeni, na hapo ndipo mfuko unapotoboka, kwa sababu kuitoa kilo moja ya haidrojeni kwenye maji kunakula kilowati-saa 50 hadi 55. Ongeza pampu, joto na mashine za kushindilia gesi, uandike kilowati-saa 4,000 kwa pipa kwenye daftari, hata kama kila tone litageuka kerozeni. Kituo cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kina megawati 13 hivi, yaani kilowati-saa 13,000 kila saa. Kikifanya kazi kwa nguvu zote kwa ajili yako peke yako, utapata mapipa matatu kwa saa. Boeing 737-800 hubeba lita 26,000, yaani mapipa 130. Ni karibu siku mbili za Matebe nzima kwa tanki moja. Darasa hunyamaza hapo, nami huwaacha wanyamaze.

Umeme wenyewe uwe wa mto, jua au upepo. Ukiwasha jenereta ya mazutu utaunguza mafuta mengi kuliko utakayopata.

Sasa kaboni. Hewa ya kawaida ina hewa ukaa kidogo mno, sehemu 4 hivi katika 10,000, kwa hiyo kuichuja huko ni ghali. Tafuta mahali inapotoka kwa wingi: tanuri la chokaa, mapipa ya kuchachusha bia, au nyufa zetu hizi. Gesi inayotoka ardhini yenyewe ingepanda angani hata usipoigusa, ndiyo maana naikubali. Kutoboa ardhi ili utoe nyingine ni kuongeza mzigo. Na Ziwa Kivu, lenye kilomita za ujazo 300 hivi za hewa ukaa, usilichokoze: matabaka ya maji yake ndiyo yanayoifungia chini. Gesi uliyoipata ipitishe kwenye myeyusho wa amini (kemikali ya jamii ya amonia), ambao huishika ukiwa baridi na kuiachia ukichemshwa hadi nyuzi 120 hivi. Kisha ondoa salfa yote. Gesi ya volkano haikosi salfa, na salfa huua kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko, utakachokihitaji mbele.

Haidrojeni tunaionyesha darasani. Bakuli la kioo, maji yenye magadi kidogo, vijiti viwili vya chuma kisichoshika kutu, paneli ya jua ya volti 12. Usitie chumvi ya jikoni, itatoa klorini. Funika kila kijiti kwa bomba la kioo lililojaa maji, kisha subiri. Mapovu ya upande mmoja ni membamba na mengi, yanapanda kama uzi. Yale ya upande wa pili ni makubwa na ya uvivu. Baada ya muda bomba la haidrojeni limejaa mara mbili ya lile la oksijeni. Fungua madirisha, na kiberiti kikae mbali.

Darasa langu linaishia hapo. Yanayofuata ni ya kiwanda, kwa kuwa monoksidi ya kaboni inaua bila harufu. Hewa ukaa na haidrojeni hupashwa joto la nyuzi 800 au zaidi juu ya kichocheo, hewa ukaa ikageuka monoksidi na maji. Monoksidi hiyo na haidrojeni huingia kwenye mtambo wa pili, nyuzi 200 hadi 240, shinikizo mara 20 au zaidi ya lile la hewa. Njia hii waliipata Franz Fischer na Hans Tropsch huko Ujerumani mwaka 1925. Kichocheo chake kizuri ni kobalti, na hapo huwakumbusha vijana kwamba kobalti hiyo inachimbwa kwetu, Kolwezi. Kinachotoka ni nta nyingi, si kerozeni. Nta hukatwakatwa kwa haidrojeni, minyororo yake ya kaboni ikapindwa ili isigande, kisha hutoneshwa, na kerozeni ikachukuliwa katikati. Maji yanayozaliwa njiani yarudishe mwanzo: ni kama theluthi mbili ya uliyoyatumia.

Mafuta haya usiyamimine ndegeni peke yake. Sheria za leo zinaruhusu mafuta ya njia hii yasizidi nusu ya mchanganyiko, kwa sababu hayana aromatiki (molekuli za kaboni zenye umbo la pete), na bila hizo mipira ya kuzuia kuvuja hunywea. Mwaka 2021 ndege ya shirika la KLM iliruka kutoka Amsterdam hadi Madrid ikiwa imechanganya lita 500 za mafuta ya namna hii, mapipa mawili na nusu tu.

Jet A-1, kerozeni ya kawaida ya ndege, haitakiwi kuanza kuganda kabla ya nyuzi 47 chini ya sifuri. Hilo litapimwa labo. Kazi ya mkono wako ni ile niliyoifanya kila alfajiri: chota lita moja kwenye chupa safi ya kioo, izungushe hadi mafuta yafanye kizingia katikati, kisha simamisha mkono na utazame chini kabisa, pale uchafu unapojikusanya. Yakiwa maangavu kama maji ya chemchemi, endelea. Ukiona hata shanga moja ya maji inabiringika, funga bomba na usiruhusu pipa hilo lisogee karibu na ndege.