Paa la zege: anza na tundu la maji

Wenye paa bapa la zege hapa Kampala, kabla mvua za Machi hazijaanza, pandeni juu na ufagio na ndoo. Tazameni kwanza tundu la bomba la kutolea maji. Langu mwaka jana lilizibwa na majani ya mwembe, kaveera moja (mfuko wa plastiki) na manyoya ya kaloli (ndege hao na uchafu wao!), maji yakatuama hadi dari ya chumba cha watoto ikachora ramani ya kahawia.

Mvua ikikatika, subiri siku 2. Palipobaki dimbwi pazungushie chaki. Hapo panahitaji kuinuliwa kwa saruji na mchanga, mteremko walau sentimita 1 kwa kila mita. Kupaka lami juu ya bonde hilo bila kuliinua ni kutupa hela. Ufa usugue kwa brashi ya waya, uache ukauke kabisa, ndipo uzibe.

Mche wa mtini ukiota kwenye ukingo, ng'oa ungali mdogo. Na fundi wa dishi msimamie: chuma chake akifunge ukutani, asitoboe zege.