Handaki liko chini ya nyumba yako: kwa sisi tunaoishi Ufini

Mwezi wangu wa kwanza Helsinki, saa sita kamili mchana, king'ora kililia nikiwa jikoni nakata vitunguu. Nilitupa kisu, nikatoka na kandambili hadi kwenye ngazi. Bibi jirani alikuwa anapanda taratibu na mifuko yake ya dukani, hata kichwa hakuinua.

Kumbe kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi wanakijaribu: mlio mmoja ulionyooka, sekunde 7 tu. Ule wa hatari hupanda na kushuka kwa dakika nzima. Ukiusikia huo, ingia ndani, funga madirisha na matundu ya hewa, washa redio. Handakini, yaani kwenye chumba imara cha kujikinga na hatari kama vita au mionzi, huendi mpaka utangaziwe.

Wengi wetu tukisikia handaki tunawaza bwawa la kuogelea la Itäkeskus, mtaa wa mashariki mwa Helsinki, lile lililochimbwa ndani ya mwamba. Lakini nchi hii ina mahandaki yapata 50,500, nafasi za watu milioni 4.8, na mengi yako chini ya maghorofa ya kawaida tunayopanga. Shuka ukaangalie wikendi hii. Tafuta pembetatu ya buluu ndani ya mraba wa rangi ya chungwa. Mlango ni wa chuma, mzito kama wa benki. Ndani utacheka: ni stoo! Baiskeli, matairi ya theluji, na lile sanduku lako la zawadi za Krismasi ambalo halijafika Kisumu mpaka leo.

Amri ikitoka, stoo hiyo iwe tayari kupokea watu ndani ya saa 72, na wa kuhamisha mizigo ni wakazi wenyewe. Kwa hiyo punguza mapema. Kila mtu huhesabiwa mita za mraba 0.75, sawa na mkeka wa mtoto, basi sufuria la pilau libaki juu. Usipoliona handaki, muulize isännöitsijä, msimamizi wa jengo. Nyumba ndogo za familia moja kwa kawaida hazina.

Vidonge vya ayodini, vya kukinga tezi ya shingo dhidi ya mionzi, viko famasi, vinashauriwa kwa wenye miaka 3 hadi 40. Usimeze kabla ya kutangaziwa. Pakua 112 Suomi, programu ya simu inayotoa taarifa za dharura.

Na mama je? Siku hiyo mamlaka hutaka laini zisijazwe simu. Mwambie leo kwamba ukikaa kimya, asubiri ujumbe mfupi.